KATI YA NGAPI? Somo la Takwimu kwa Wapenzi wa Mpira, Siasa na Mambo ya Nyumbani

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu msomaji, methali hii huwa twaitumia katika insha tunapomkusudia mwenye duka asiyeandika madeni. Leo nakuomba tuisogeze mbele kidogo. Si mali peke yake inayopotea bila daftari. Hata ukweli hupotea. Mtu akisema jambo kwa sauti kubwa, na akatia nambari ndani yake, wasikilizaji wote hunyamaza kana kwamba hakimu ametoa hukumu. Kumbe nambari ile pengine haina miguu ya kusimamia!

Mimi binafsi, sikufichi, ni mlevi wa nambari. Gazeti likifika maktabani wenzangu hukimbilia picha, nami hukimbilia msimamo wa ligi. Nina daftari la kurasa 96 ambalo ndani yake mna matokeo ya mechi za madarasa, siku zilizonyesha mvua tangu shule kufunguliwa, na bei ya nazi katika soko la Ukunda kila ninapotumwa. Kwa sababu hiyo wenzangu wamenibandika jina la "Mzee wa Sensa". Nimelikubali jina hilo kwa moyo mkunjufu. Makala hii ni shukrani yangu kwao, maana nataka niwaonyeshe utamu ninaouona mimi, na pia hatari ambayo wengi hawaioni.

Huenda mwalimu mmoja akauliza: takwimu zafuata nini katika jarida la Chama cha Kiswahili? Si zina chama chao cha Hesabu? Jibu ni kwamba nambari nazo ni lugha. Husema kweli na husema uongo, kama maneno mengine yote.

TAKWIMU NI NINI?

Neno takwimu tumelipata kutoka Kiarabu. Katika Kiswahili cha zamani lilitumika pia kwa maana ya kalenda, yaani hesabu ya siku na miezi. Siku hizi twalitumia kwa maana ya maarifa yaliyokusanywa kwa kuhesabu au kupima, kisha yakapangwa ili yatuambie jambo. Neno wastani nalo linatokana na Kiarabu, na asili yake ni kitu kilicho katikati. Asilimia inajieleza yenyewe, kwa kuwa ndani yake mna mia.

Zingatia sehemu ile ya "yakapangwa". Kuhesabu peke yake hakutoshi. Nikikwambia kuwa darasa letu limefunga mabao 9, sijakwambia kitu. Katika mechi ngapi? Dhidi ya nani? Walifungwa mangapi? Nambari iliyo peke yake ni kama kasia bila ngalawa. Lazima iwe na mwenziwe. Kwa hivyo swali la kwanza la mpenzi wa takwimu, swali ambalo ningetaka uondoke nalo hata kama utasahau mengine yote, ni hili: KATI YA NGAPI?

TUANZE NYUMBANI KWALE

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 nchi nzima ilihesabiwa. Kaunti yetu ya Kwale ilipatikana kuwa na watu 866,820: wanaume 425,121, wanawake 441,681, na watu 18 wenye jinsia mbili. Miaka kumi kabla ya hapo, katika sensa ya 2009, tulikuwa 649,931. Tuliongezeka kwa watu 216,889.

Je, hilo ni ongezeko kubwa au dogo? Huwezi kujua mpaka uulize swali letu. Watu 216,889 juu ya 649,931 ni kama asilimia 33. Kenya nzima nayo ilitoka 38,610,097 ikafika 47,564,296, yaani ongezeko la asilimia 23 hivi. Sasa ndipo nambari inaanza kusema! Kwale ilikua kwa kasi kuliko nchi kwa jumla. Maana yake ni kwamba madawati, vitanda vya hospitali ya Msambweni, visima na walimu vilihitajika kuongezeka kwetu kwa kasi kuliko kwingi kwengine. Mtu anayesema "Kwale tumeongezewa kama wenzetu wote" pengine anasema kweli, lakini kumbe kama wenzetu wote haitoshi.

Angalia pia mfano wa wanyama. Katika mbuga ya Shimba Hills ndiko kunakopatikana palahala, yule mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda kama jambia, na hakuna pengine popote nchini Kenya anapoishi porini. Sensa ya wanyama ya mwaka 2021 ilihesabu palahala 51 tu. Sensa hiyo hiyo ilihesabu ndovu 36,280 nchi nzima. Tuseme majangili wameua ndovu watano na palahala watano. Gazeti laweza kuandika "wanyama kumi wauawa", na msomaji akaona ni sawasawa. La hasha! Ndovu watano kati ya 36,280 ni sehemu ndogo sana. Palahala watano kati ya 51 ni karibu asilimia 10 ya palahala wote wa Kenya. Tano ni ile ile, ila msiba si ule ule.

WASTANI NA HILA ZAKE

Baada ya hapo twende kwa wastani, maana hili ndilo neno tunalolitumia sana na kulielewa kidogo.

Wapenzi wa mpira wote wamjua Michael Olunga. Mwaka 2019 alichezea Kashiwa Reysol katika ligi ya daraja la pili nchini Japani, akafunga mabao 27 katika mechi 30. Ukigawanya unapata 0.9, karibu bao moja kila mechi. Lakini tarehe 24 Novemba mwaka huo, Kashiwa iliifunga Kyoto Sanga 13 kwa 1, na Olunga peke yake alitia mabao 8! Ukiiweka kando mechi hiyo moja, yabaki mabao 19 katika mechi 29, na wastani unashuka hadi kama 0.66. Siku moja tu imeupandisha wastani wa msimu mzima.

Je, hapo tumemvunjia heshima Olunga? Hata kidogo. Mwaka uliofuata, katika daraja la kwanza ambako mabeki ni wakali zaidi, alifunga mabao 28 katika mechi 32, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Wastani wake huko ulikuwa 0.875. Ukitazama wastani mikavu, 0.9 ni kubwa kuliko 0.875, na mtu mvivu atasema Olunga alishuka. Ukitazama ndani, utaona alipanda. Wastani ni mlango. Usikae mlangoni ukadhani umeiona nyumba.

Wapenzi wa riadha nao wana funzo lao. Katika fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London mwaka 2012, David Rudisha aliweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91. Wote twamkumbuka yeye. Nani anamkumbuka wa mwisho? Andrew Osagie wa Uingereza alimaliza wa nane kwa 1:43.77. Muda huo wa mkia ulikuwa bora kuliko muda wa washindi wa dhahabu wa Sydney 2000, Athens 2004 na Beijing 2008! Hivyo basi ukimwambia mtu "ulikuwa wa mwisho", hujamwambia lolote mpaka useme alikimbia na nani. Wenzangu mnaosononeka kwa kuwa wa 30 darasani, lichukueni hilo mkalifikirie.

Turudi Kwale. Ukigawanya watu wetu wa 2019 kwa eneo la kaunti, kilomita mraba 8,270 hivi, unapata kama watu 105 kwa kila kilomita mraba. Nambari nzuri, lakini mtu huyo wa wastani anakaa wapi? Ukunda na Diani watu wamebanana, nyumba yapumulia nyumba. Nenda Kinango bara, utatembea mpaka miguu iote moto kabla ya kufika boma la pili. Hakuna anayeishi katika "watu 105". Mtu akipanga kujenga zahanati kwa kufuata wastani huo, wa Ukunda watapanga foleni mpaka jioni, na mama mja mzito wa Kinango atajifungulia njiani.

Vivyo hivyo sensa ilikuta kaya 173,176 katika Kwale, kwa wastani wa watu watano kila kaya. (Kaya katika lugha ya sensa ni watu wanaoishi na kula pamoja. Usije ukadhani ni Kaya Kinondo na misitu yetu mingine mitakatifu!) Lakini nyumba ya mtu watano si sheria. Mtaani kwetu iko nyumba ya watu wawili na iko ya kumi na mmoja.

Ndiyo maana wataalamu hutumia pia nambari ya katikati. Panga watu kwa safu kutoka mdogo hadi mkubwa, kisha mtazame aliye katikati kabisa. Huyo hasumbuliwi na mmoja aliyeruka mawinguni.

SIASA: ASILIMIA 0.01 ILIYOTUTIA JOTO

Hapa nitakwenda polepole, maana siasa ni moto wa pumba, waweza kuonekana umezimika kumbe unawaka chini.

Tarehe 15 Agosti 2022 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, alitangaza matokeo ya urais. William Ruto alipata kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49. Raila Odinga alipata 6,942,930, asilimia 48.85. George Wajackoyah alipata 61,969, asilimia 0.44. David Mwaure alipata 31,987, asilimia 0.23. Siku ya pili yake makamishna wanne wa tume hiyo hiyo walitoa taarifa wakisema kuwa asilimia hizo zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni sawa na kura kama 142,000.

Bwana wee! Watu walishika vichwa. Kura 142,000 si mchezo. Sasa wewe chukua kalamu tufanye hesabu pamoja.

Kwanza, ni kweli kwamba 50.49 na 48.85 na 0.44 na 0.23 zinafanya 100.01. Hapo hawakukosea. Lakini imetoka wapi hiyo 0.01? Kura halali zote zilikuwa 14,213,027. Ukigawanya bila kufupisha, asilimia zenyewe zinakaribia 50.490, 48.849, 0.436 na 0.225. Jumlisha: 100.000 kamili. Tatizo ni kwamba tunapoandika tarakimu mbili tu baada ya nukta, kila nambari husogezwa juu au chini kidogo. Ikatokea kwamba safari hii zote nne zilisogezwa juu. Ni kama watu wanne waliogawana sahani ya biriani, na kila mmoja akasema "mimi nimekula zaidi kidogo ya robo". Biriani haikuongezeka. Maneno ndiyo yaliyoongezeka.

Pili, na hili ndilo kubwa: asilimia 0.01 ya kura 14,213,027 ni ngapi? Asilimia 1 ni kura 142,130. Asilimia 0.1 ni 14,213. Asilimia 0.01 ni kura 1,421 hivi. Hizo 142,000 zilizotajwa ni asilimia moja nzima! Nukta ilihamishwa mara mbili. Na hata hizo 1,421 hazikuwa kura za mtu yeyote, zilikuwa kivuli cha kufupisha tarakimu. Mahakama ya Juu ilithibitisha matokeo tarehe 5 Septemba 2022.

Sisemi haya ili kumpendeza mtu wa chama hiki au kumuudhi wa chama kile. Ningeyasema hayo hayo lau washindi wangalikuwa wengine. Nayasema kwa sababu nchi yetu inajua bei ya ugomvi wa nambari. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waligombana juu ya hesabu za kura, na Tume ya Waki iliandika kuwa watu 1,133 walipoteza maisha. Tume ya Kriegler nayo ilisema kuwa hesabu zenyewe ziliharibika kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda. Yaani watu walikufa kwa ajili ya jumla ambayo hakuna aliyeweza kuijumlisha. Ndiyo maana nasema somo la Hesabu la Kidato cha Kwanza, lile la nukta na asilimia tulilolisinzia baada ya chakula cha mchana, laweza kuokoa roho ya mtu.

Swali la "kati ya ngapi" limewahi kufika mpaka mahakamani. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa na kura 6,173,433. Zilizopigwa zote zilikuwa 12,330,028, hivyo akapata asilimia 50.07. Lakini ndani ya hizo mlikuwa na kura 108,975 zilizokataliwa. Ukiziondoa zinabaki 12,221,053, na kura zile zile 6,173,433 zinakuwa asilimia 50.51. Ikiwa Katiba yataka mshindi apate zaidi ya nusu, ni nusu ya nini? Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa zisitiwe katika hesabu hiyo. Waona basi? Mawakili wakubwa wakubwa, majoho na vitabu, wanabishana juu ya nambari iliyo chini ya mstari wa kugawanya.

Na kuna nambari nyingine ya chini ambayo wengi huisahau. Mwaka 2022 walioandikishwa kupiga kura walikuwa 22,120,458. Kura 7,176,141 kati ya hao ni asilimia 32 na ushei. Kwa hivyo "nusu ya wapiga kura" na "chini ya theluthi moja ya walioandikishwa" ni habari moja iliyovaa kanzu mbili. Zote mbili ni kweli. Mtu atakuchagulia ile inayomfaa, nawe ukubali tu baada ya kuuliza.

KIJIKO CHA MCHUZI

Labda utauliza: je, ni lazima tuhesabu kila kitu? La. Mama akipika mchuzi wa samaki wa nazi, hanywi sufuria nzima ili ajue chumvi imekolea. Huonja kijiko kimoja. Hicho kijiko ndicho wataalamu huita sampuli. Lakini kumbuka, kabla ya kuonja hukoroga. Tui zito likikaa juu na chumvi ikakaa chini, kijiko kitakudanganya hata kiwe upawa.

Waamerika walijifunza hilo kwa aibu mwaka 1936. Jarida liitwalo Literary Digest lilikusanya maoni ya watu zaidi ya milioni mbili, likatangaza kuwa Alfred Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Siku ya kura Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48! Upawa ulikuwa mkubwa, lakini mchuzi haukukorogwa. Majina mengi yalitolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na wakati ule wa dhiki watu hao hawakuwa sawa na raia wa kawaida. Basi ukisikia "utafiti umeonyesha", usiulize tu waliulizwa wangapi. Uliza pia walichaguliwa vipi.

Kwale yetu imetoa mfano mzuri wa kukoroga vyema. Watafiti walifanya jaribio la dawa ya ivermectin dhidi ya malaria hapa kwetu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2025 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Watu zaidi ya 20,000 walihusika. Dawa hiyo, mtu akiimeza, humdhuru mbu anayemuuma. Waliimeza mara moja kwa mwezi, kwa miezi mitatu, wakati mvua za vuli zinapoanza.

Sasa tazama ujanja wao. Hawakusema "anayetaka na aje". Wangefanya hivyo, pengine wangekuja wale wanaolala ndani ya neti kila siku, kisha sifa ya neti ikapewa dawa. Maeneo yaligawanywa kwa bahati nasibu, kama kura ya karatasi. Mengine yalipewa ivermectin, mengine yakapewa dawa ya minyoo iitwayo albendazole, na watoto wa miaka 5 hadi 15 wakafuatiliwa katika pande zote mbili. Ilionekana kuwa maambukizi mapya ya malaria yalipungua kwa asilimia 26 pale palipotumika ivermectin.

Asilimia 26 ya nini? Uliza! Si kwamba watoto 26 kati ya 100 waliponywa. Maana yake ni kama kusema: pale ambapo upande mmoja watoto wameambukizwa mara 100, upande wa pili wameambukizwa kama mara 74. Bado 74 ipo. Kwa hivyo asitokee mtu akatupa neti yake ati dawa imepatikana. Lakini mara 26 zilizoepukwa ni watoto wasiokosa shule na wazazi wasiokesha hospitalini. Nambari imesomwa sawasawa haitii hofu wala haileti kiburi.

TAKWIMU ZA BARAZANI NA JIKONI

Usidhani takwimu ni za wenye digrii peke yao. Bibi mmoja jirani yetu huuza mahamri na mbaazi kila asubuhi. Hakusoma zaidi ya chuoni, lakini nyuma ya mlango wake ana safu za mistari ya makaa: kila mstari ni hamri lililobaki bila kununuliwa. Nilipomuuliza, aliniambia: "Mjukuu wangu, unga ni pesa. Mistari hii ndiyo inayonambia kesho nikande kiasi gani." Halinganishi siku yoyote na yoyote tu. Jumatatu huilinganisha na Jumatatu, na mwezi wa Ramadhani hauchanganyi kabisa na Mfunguo Mosi.

Wavuvi wetu nao wajua hivyo. Samaki wanaopatikana wakati wa kusi, bahari ikiwa chafu, usiwalinganishe na wa kaskazi ukasema "uvuvi umekufa". Linganisha kusi na kusi. Mahoteli ya Diani hivyo hivyo. Mwezi wa Aprili wa mvua usiupimie kwa Desemba ya wageni.

Huko huko Diani, walinzi wa mbega wa shirika la Colobus Conservation wamekuwa wakiwahesabu wanyama hao, na kuandika ni wapi barabarani hugongwa na magari. Kwa kujua mahali, waliweza kufunga madaraja ya kamba juu ya barabara, mbega wakavuka salama. Daftari limegeuka kuwa daraja!

Na mwisho wa yote, kuhesabiwa ni kutambuliwa. Ndugu zetu Wamakonde walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani hii. Walizaa, wakajukuu, lakini kwa miaka mingi hawakuwa na vitambulisho wala nafasi katika orodha ya makabila ya Kenya. Oktoba 2016 kundi lao lilitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki hiyo. Mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43. Kwa mtu aliyekwisha kuhesabiwa, 43 ni nambari tu baada ya 42. Kwa mtoto wa Kimakonde anayetaka kitambulisho ili apate kazi au afungue akaunti benki, 43 ni mlango. Kwa hivyo kila uonapo jumla yoyote, baada ya kuuliza "kati ya ngapi", uliza na hili: "Ni nani hakuhesabiwa?"

JIPIME

Kabla hatujaagana, jaribu maswali haya. Usitazame majibu kwanza!

1. Wanafunzi watano walipata alama 20, 30, 30, 40 na 95. Wastani wao ni ngapi? Alama ya katikati ni ngapi? Ipi inawaeleza vizuri zaidi?

2. Mtu asema: "Kijijini kwetu ajali za bodaboda zimeongezeka kwa asilimia 100." Utamuuliza nini?

3. Mchezaji asema: "Sijawahi kukosa penalti." Utamuuliza nini?

Majibu: (1) Wastani ni 43, alama ya katikati ni 30. Wanne kati ya watano hawakufika hata huo wastani, kwa hivyo 30 inawaeleza vizuri zaidi. (2) Muulize zilikuwa ngapi na sasa ni ngapi, maana kutoka ajali 1 hadi 2 ni asilimia 100, na kutoka 50 hadi 100 ni asilimia 100 pia. (3) Muulize amepiga penalti ngapi. Huenda hajapiga hata moja!

TAMATI

Wapenzi wasomaji, nawasihi kila mmoja wenu anunue daftari dogo. Andika jambo moja tu unalolipenda, liwe mabao, mvua, au dakika unazosubiri matatu pale stendi ya Ukunda. Andika kila siku bila kuruka, hata siku ambayo matokeo hayakupendezi. Hasa siku hiyo. Baada ya muhula mmoja utakuwa na kitu ambacho mbishi yeyote wa barazani hana.

Na siku utakapomsikia mtu mzima, aliyevaa suti na kushika kipaza sauti, akitaja nambari kubwa hadi mishipa ya shingo ikamsimama, usimtukane wala usimpigie makofi. Nyosha mkono kwa adabu, umuulize: "Samahani, mheshimiwa. Kati ya ngapi?"